Kununua kwa kampuni ya Kimarekani yenye kiwanda China: tuangalie nini kabla ya kutia sahihi?

Pampu za Pwani

Assalaam aleikum wanajukwaa. Kampuni ninayoifanyia kazi hapa Shimanzi inauza na kufunga pampu za maji zinazotumia umeme wa jua, na wateja wetu wengi ni wakulima na vikundi vya maji vya Kwale, Kilifi na Tana River. Hadi sasa tumekuwa tukinunua kwa wauzaji wa jumla wa Nairobi, lakini tumepata nafasi ya kuagiza moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji wa Kimarekani ambaye kiwanda chake kipo Suzhou, mkoa wa Jiangsu. Mkataba unaopendekezwa ni wa miaka mitatu, pamoja na vipuri na dhamana, na kila shehena tunatakiwa kutanguliza asilimia 30 ya bei.

Ofisini tumegawanyika. Mkurugenzi anasema kwamba kampuni ikishakuwa ya Kimarekani hakuna haja ya wasiwasi, kwa kuwa ikitokea kasoro tutajua pa kwenda kudai. Mhasibu anasema kinyume chake kabisa, kwamba siku hizi kampuni ya Kimarekani iliyo China inaweza kulala salama na kuamka ikiwa imebanwa na serikali ya Beijing au na serikali yake yenyewe. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika waraka wa kuwapatanisha, na kwa kweli sina uhakika nani kati yao amesema kweli.

Suala la bei tumeshalimaliza. Ninachotaka kuelewa ni mazingira ambamo kampuni kama hiyo inafanya kazi: inafuata sheria ya nani, vita vya ushuru baina ya mataifa hayo mawili vinatufikaje sisi ambao mzigo wetu hauendi Marekani, na ni jambo gani ndani ya China linaloweza kulifanya kontena letu lisitoke bandarini. Nitashukuru kusikia kutoka kwa waliowahi kushughulika na kampuni za namna hii.

Wakili wa Mvita

Waaleikum salaam ndugu. Nianze na neno la mkurugenzi wako, kwa sababu ndilo lenye hatari zaidi.

Kiwanda cha Suzhou, hata kama kila hisa yake inamilikiwa na Wamarekani, ni kampuni ya China. Imeandikishwa China, inalipa kodi China, na inahukumiwa kwa sheria za China. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kampuni za namna hiyo zinaongozwa na Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni, iliyochukua nafasi ya sheria tatu za zamani ambazo ya kwanza yake ilitungwa mwaka 1979, China ilipoanza kuufungua mlango. Kwa hiyo mtakapotia sahihi mtakuwa mmefunga mkataba na kampuni ya China ambayo mwanahisa wake yupo Marekani, na huyo mwanahisa hawajibiki kwenu kwa lolote isipokuwa naye ametia sahihi hati ya kuidhamini kampuni yake tanzu. Mkienda kumdai katika mji wake, swali la kwanza mtakaloulizwa ni jina lake limeandikwa wapi.

Kuhusu umiliki, hali imelegezwa sana kuliko watu wanavyodhani. China ina orodha ya sekta ambazo mgeni amekatazwa au amewekewa mpaka wa hisa, na kila kisichotajwa humo kiko wazi. Toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 lina vipengele 29, na limeondoa vikwazo vya mwisho vilivyokuwa vimebaki katika sekta ya viwanda. Zamani mtengenezaji wa magari kutoka nje alilazimika kuingia ubia na Mchina na asizidishe nusu ya hisa. Mpaka huo uliondolewa kwanza kwa magari ya umeme mwaka 2018, ndipo Tesla ikajenga kiwanda cha Shanghai bila mbia, na magari ya abiria ya aina nyingine yakafuata mwaka 2022. Pampu hazina shida hiyo. Hata hivyo viwanda vingi vilivyoanzishwa zamani vimebaki kuwa vya ubia, kwa hiyo waulizeni wazi kama kuna mbia wa Kichina na ana hisa kiasi gani.

Ombeni nakala ya leseni ya biashara. Juu yake mtaona namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, jina kamili kwa Kichina, jina la mwakilishi wa kisheria, mtaji ulioandikishwa na shughuli zilizoruhusiwa. Jina la Kiingereza lililo kwenye tovuti yao halina uzito mkubwa wa kisheria. Jina la Kichina ndilo jina. Namba ile inaweza kutafutwa katika daftari la serikali la kampuni, ambalo liko wazi kwenye intaneti. Angalieni pia mtaji uliolipwa: sheria ya kampuni iliyorekebishwa na kuanza tarehe 1 Julai 2024 inataka wanahisa wa kampuni mpya walipe mtaji walioahidi ndani ya miaka mitano, jambo ambalo awali halikuwa na ukomo kama huo, na ndiyo maana kuna kampuni za zamani zenye mtaji mkubwa sana kwenye karatasi.

Halafu kuna muhuri. Huku kwetu sahihi ya mkurugenzi ndiyo tunayoiangalia, na muhuri wa mpira tunauchukulia kama pambo. China mambo ni kinyume: muhuri mwekundu wa duara wa kampuni, ulioandikishwa kwa polisi, ndio unaoifunga kampuni, na anayeushika ana nguvu ambayo kura ya bodi peke yake haiwezi kumpokonya. Kampuni ya Arm ya Uingereza iliyaona hayo. Mwaka 2020 bodi ya kampuni ya ubia ya Arm nchini China ilipiga kura kumwondoa mkuu wake, lakini yeye alikuwa na muhuri mkononi, akaendelea kukaa ofisini, na mvutano ule ulimalizika mwaka 2022. Ukurasa wa mwisho wa mkataba wenu lazima uwe na muhuri huo, si sahihi ya meneja wa mauzo mwenye barua pepe nzuri.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa pampu za sasa zina vidhibiti vinavyotuma taarifa kwa simu. China ina sheria ya usalama wa mtandao ya 2017, ya usalama wa data na ya ulinzi wa taarifa binafsi, hizi mbili zote za 2021, na kampuni za Kimarekani zimelazimika kupanga upya mifumo yao kwa sababu hiyo. Apple, kwa mfano, ilihamishia data za iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, za wateja wake wa China kwa kampuni ya mkoa wa Guizhou mwaka 2018. Mwulizeni huyo mtengenezaji seva ya programu yake iko wapi, kwa maana wateja wenu wa Kilifi nao wanalindwa na sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019.

Mzee wa Kilindini

Nimesoma maelezo ya wakili na sina la kupinga katika hayo, ila naona ameitazama Beijing na kuisahau Washington. Kwa miaka niliyokaa katika biashara ya meli na uwakala wa forodha, makaratasi yaliyowachosha wateja wangu yalitoka Marekani mara nyingi zaidi kuliko yalivyotoka China.

Sheria ya Marekani ya kudhibiti mauzo ya nje inaifuata bidhaa yenyewe popote iendapo. Kifaa chenye sehemu au teknolojia ya Kimarekani iliyo chini ya udhibiti kinaweza kubaki chini ya sheria hiyo hata kikitoka Suzhou kuja Mombasa bila kuigusa ardhi ya Marekani. Ukali wake umeelekezwa zaidi kwenye chipu za hali ya juu na mitambo ya kuzitengenezea, tangu kanuni za tarehe 7 Oktoba 2022, na sidhani pampu ya kisima itaingia humo. Lakini wanasheria wa kampuni mama hawapambanui sana. Mtaletewa fomu ya kueleza mtumiaji wa mwisho ni nani, na kifungu cha kuahidi kwamba hamtamuuzia mtu wala kampuni iliyomo katika orodha za vikwazo za Marekani. Kama mna wateja ng'ambo ya mpaka, jueni mapema nani ananunua kwa nani, kwa sababu mkishaweka sahihi mzigo huo wa kuchunguza ni wenu.

Kifungu cha pili mtakachokikuta ni cha hongo. Marekani ina sheria ya mwaka 1977 inayokataza kampuni zake kuwahonga maofisa wa serikali za nje, hata kupitia kwa wakala. Ndugu yangu, ikiwa mnauza pampu kwa serikali za kaunti, wakala ni ninyi. Mwezi Februari 2025 Rais Trump alisimamisha kwa muda kesi mpya za sheria hiyo, na mwezi Juni ukatolewa mwongozo mpya, na kuna waliokimbilia kusema kwamba sheria imekufa. Haijafutwa.

Sasa niingie kwenye ushuru, maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Mwezi Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, na China ikajibu kwa asilimia 125. Tarehe 12 Mei wakakubaliana Geneva kushuka hadi 30 na 10, kisha marais wao wakakutana Busan tarehe 30 Oktoba na kupunguza tena. Kontena la Suzhou linalokuja Kilindini halilipi hata senti moja ya ushuru huo. Linalipa ushuru wetu wa Afrika Mashariki, basi. Hata ule ushuru ambao China inaitoza bidhaa ya Kimarekani hauwafikii moja kwa moja, kwa sababu kiwanda kinachoagiza sehemu kutoka Marekani ili kuzifunga na kuzisafirisha tena nje kinaweza kusimamishiwa ushuru wa forodha chini ya utaratibu wa usindikaji, mradi hesabu za forodha ziwe safi. Kinachowafikia ni nafasi melini na afya ya kiwanda. Ushuru ukishuka ghafla, waagizaji wa Marekani hukimbilia kupakia kabla haujapanda tena, na meli na makontena hufuata nauli nono. Na kiwanda kilichokuwa kikiuza nusu ya pampu zake Marekani kikipoteza soko hilo, ama kitawabembeleza ninyi kwa bei, ama kitapunguza wafanyakazi na kuwacheleweshea oda. Waulizeni wanauza wapi.

Jambo ambalo mimi lingeninyima usingizi ni sumaku. Mota nyingi za pampu za jua hutumia sumaku za kudumu, na tarehe 4 Aprili 2025 China iliweka leseni ya kusafirisha nje madini adimu saba pamoja na sumaku zinazotengenezwa kwayo, kwa nchi zote na si kwa Marekani pekee. Mwezi Mei mwaka huo Ford ilisimamisha kwa muda kiwanda chake cha Chicago kwa kukosa sumaku. Pampu nzima iliyokwisha kufungwa si sawa na sumaku iliyo peke yake, lakini ninyi mnasema mkataba una vipuri. Rota ya akiba, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka, yenye sumaku ndani yake, ikisafirishwa kama kipuri, inaweza kuulizwa leseni, na leseni hutolewa na Wizara ya Biashara ya China kwa mwendo wake. Masharti mengine ya kusafirisha nje waliyoyatangaza Oktoba 2025 yalisitishwa kwa mwaka mmoja, ila haya ya Aprili hayakuondolewa. Andikeni ndani ya mkataba ni nani atakayeomba leseni na muda wa kuisubiri utahesabiwaje katika dhamana ya mteja wenu.

Mshoni wa Mikindani

Salaam. Mimi nipo upande wa nguo, katika kiwanda cha ukanda wa kuzalisha kwa mauzo ya nje, na ningependa kuongeza kidogo juu ya hao wanaobanwa na pande zote mbili, kwa sababu kwetu jambo hilo ni la kila siku.

Tangu tarehe 21 Juni 2022 forodha ya Marekani huchukulia kwamba bidhaa yoyote yenye kitu kilichotoka Xinjiang, jimbo la kaskazini-magharibi mwa China, imetengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa, hadi mwenye mzigo athibitishe vinginevyo. Haijalishi nguo imeshonwa Mikindani. Pamba ya kitambaa ndiyo inayoulizwa. Kitambaa kingi tunakitoa China, kwa hiyo kila roli inakuja na makaratasi ya kuifuatilia hadi kwa msokota uzi, na wakati mwingine hadi shambani. Mnunuzi wa Kimarekani asipoyaona hapakii.

Upande wa pili kuna sheria ya China ya Juni 2021 ya kujibu vikwazo vya kigeni, na orodha ya kampuni ambazo China inazihesabu kuwa haziaminiki. Kampuni ya PVH, yenye Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilianza kuchunguzwa na Wizara ya Biashara ya China mwezi Septemba 2024 kwa madai ya kuisusia pamba ya Xinjiang, na Februari 2025 ikaingizwa katika orodha hiyo. Ikitumia pamba hiyo inafungiwa mlango Marekani, ikiikwepa waziwazi inafungiwa China. Nadhani hapo mhasibu wenu hakutia chumvi.

Kwa pampu zinazokwenda Kwale sheria hiyo ya Marekani haina nafasi. Lakini kama mnanunua na paneli kutoka kwa mtengenezaji huyo huyo, jueni kwamba malighafi ya silikoni ya paneli imo katika bidhaa zinazoangaliwa zaidi, kwa hiyo msishangae mkiona anawauzia pampu kwa moyo mkunjufu na kuwaambia paneli mtafute kwingine.

Pampu za Pwani

Nawashukuru nyote, hasa kwa suala la sumaku ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza. Nimeirudia rasimu ya mkataba nikiwa na majibu yenu mkononi, na nimeona mambo matatu ninayotaka kuyauliza.

La kwanza, aliyetajwa kama muuzaji ni kampuni ya Suzhou, lakini akaunti ya kulipia ni ya kampuni ya Hong Kong yenye jina linalofanana nalo. La pili, migogoro yote itapelekwa mahakamani Suzhou. La tatu, mkurugenzi anataka tumlipe mtaalamu wa huko China aichunguze kampuni hiyo kwa undani kabla hatujatuma fedha. Je, haya ni ya kawaida?

Wakili wa Mvita

La Hong Kong ni la kawaida mno, na sababu yake ni ya kikodi na ya fedha za kigeni. Faida ya kampuni ya Suzhou haitoki hivi hivi: kwanza inalipiwa kodi ya mapato, ambayo kiwango chake cha jumla ni asilimia 25, kisha asilimia 10 ya kinachobaki huwekwa akiba ya lazima mpaka akiba hiyo ifike nusu ya mtaji, na gawio linapovuka kwenda kwa mwanahisa wa Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Likipitia kampuni ya Hong Kong inayotimiza masharti, makato hayo hushuka hadi asilimia 5. Ndiyo maana Wamarekani wengi wameweka kampuni ya katikati pale. Lakini ukawaida wake hauwalindi ninyi. Anayepokea fedha na anayetoa bidhaa ni watu wawili mbele ya sheria, kwa hiyo ama kampuni ya Hong Kong iingizwe katika mkataba kama mhusika na iwajibike pamoja na ya Suzhou, ama malipo yaende Suzhou moja kwa moja. Hakikisheni pia kwamba jina la muuzaji lililo kwenye ankara, kwenye cheti cha ulinganifu cha KEBS, shirika letu la viwango, na kwenye hati ya shehena halipishani, maana mzigo ukikwama bandarini kwa sababu ya majina mtaanza kulipia hifadhi huku mkisubiri barua kutoka nchi mbili. Na mkipokea barua pepe ya ghafla ya kubadilisha akaunti, msilipe kabla ya kupiga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Kuhusu mahakama, kataeni. Mkishinda Mombasa, hukumu yenu haitakuwa na njia nyepesi China, na wao wakishinda Suzhou hali ni hiyo hiyo hapa, kwa kuwa China haimo katika orodha ya nchi ambazo Kenya inatambua hukumu zao chini ya sheria yetu ya kutambua hukumu za kigeni. Usuluhishi una njia bora, kwa sababu China iliingia katika Mkataba wa New York wa kutambua maamuzi ya usuluhishi mwaka 1987 na Kenya mwaka 1989, hivyo tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, inatekelezeka pande zote mbili. Wao watapendekeza CIETAC, tume ya usuluhishi ya Beijing, ninyi mnaweza kutaja kituo cha usuluhishi cha Nairobi, na mara nyingi watu hukutana Singapore au Hong Kong. Mkataba uwe kwa Kichina na Kiingereza, na useme ni lugha ipi itashika ikiwa maandiko yatatofautiana.

Kuhusu uchunguzi, muwe waangalifu na upana wake. Mwezi Machi 2023 ofisi ya Beijing ya kampuni ya Kimarekani ya uchunguzi wa kibiashara, Mintz Group, ilivamiwa na wafanyakazi wake watano wa Kichina wakakamatwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo sheria ya kupambana na ujasusi ikaanza kutumika ikiwa imepanuliwa ili kugusa nyaraka na data zinazohusu usalama na maslahi ya taifa, maneno ambayo hayakuwekewa mpaka ulio wazi. Tangu hapo wachunguzi wengi wamekuwa wazito kuchimba habari za watu. Kinachowafaa ninyi ni mkaguzi wa viwanda wa kawaida, anayekwenda kuangalia mashine, ghala na ubora wa bidhaa kwa ruhusa ya mwenye kiwanda, na akawapigia picha leseni iliyotundikwa ukutani. Hilo hufanyika kila siku na halina tatizo.

Naongeza kifungu kimoja ambacho hamkukiuliza. Wamarekani kadhaa wameuza sehemu kubwa ya biashara zao za China na kuacha jina lao mlangoni. McDonald's iliuza asilimia 80 mwaka 2017 kwa kundi la wawekezaji, CITIC ya China na Carlyle ya Marekani, na Starbucks mwezi Novemba 2025 ilitangaza kuiuzia Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya China, hadi asilimia 60. Hao ni wauza chakula na kahawa, lakini kiwanda nacho kinaweza kuuzwa, au kuhamishiwa Vietnam au India, ndani ya miaka mitatu ya mkataba wenu. Pampu zitakuwa ziko visimani Tana River zikihitaji vipuri. Wekeni sharti la kwamba umiliki ukibadilika mtaarifiwe miezi kadhaa kabla, mwenye kiwanda mpya abebe dhamana zote zilizokwisha kutolewa, na ninyi muwe na haki ya kununua akiba ya mwisho ya vipuri kwa bei ya mkataba. Na ile asilimia 30 ya awali, mimi ningeipitisha benki, ili isimfikie muuzaji mpaka benki imeona hati kamili za shehena. Akikataa kabisa, basi awape dhamana ya benki yake ya kurudisha fedha hizo pampu zisipopakiwa kwa tarehe mliyokubaliana.